Chumvi ya Pwani Yetu na Jedwali la Elementi

Sisi tuliokulia Mkwaja tuliijua chumvi kabla ya kuijua kemia. Kule Saadani maji ya bahari huingizwa katika majaruba, jua likayakausha, chumvi ikabaki. Shuleni nililikariri jedwali la elementi kama shairi, bila kutambua kwamba chumvi ile imo humo.

Tangu Democritus wa Ugiriki ya kale, atomu ilikuwa dhana tu. Mwaka 1808 John Dalton wa Uingereza aliieleza kwa mizani: atomu za kila elementi zina uzito wake, nazo huungana kwa hesabu maalumu. Mwaka 1807 Humphry Davy alikuwa amekwisha kuipata sodiamu kwa nguvu ya umeme. Sodiamu ni metali inayoweza kuwaka ikitiwa majini; klorini ni gesi ya sumu. Zikiungana, ndiyo chumvi tunayotia mchuzini.

Mwaka 1869 Dmitri Mendeleev wa Urusi alizipanga elementi zilizojulikana kwa kufuata uzito wa atomu. Penye pengo aliacha nafasi wazi. Galiamu ilipogunduliwa mwaka 1875, ikajaza pengo mojawapo. Mwaka 1913 Henry Moseley alionyesha kwamba mpango wenyewe hufuata namba ya atomu: sodiamu 11, klorini 17. Leo elementi ni 118.

Wadogo zangu mlioko madarasani, Mendeleev hakuona haya kuacha nafasi tupu. Nanyi msione haya kumwambia mwalimu kuwa hamjaelewa. Mimi nilinyamaza nikakariri. Maana yake niliipata Chuo Kikuu, kwa kuchelewa.