Filamu za Kivu zilizosafishwa ugenini

Novemba 1921, kwenye miteremko ya mlima Mikeno, Mmarekani Carl Akeley alizungusha mpini wa kamera yake akawanasa gorila wa milimani wakiwa hai, wakitembea msituni mwao. Alikuwa mtu wa kwanza kufanya hivyo. Kamera ile aliibuni mwenyewe na kuipatia hataza mwaka 1915, kwa sababu kamera za wenzake zilikuwa nzito kugeuza. Mnyama alikuwa ameshazama kichakani kabla lenzi haijamfuata. Aliporudi kwao alianza kampeni ya kutaka gorila wale walindwe, na tarehe 21 Aprili 1925 Mfalme Albert wa Kwanza wa Ubelgiji akatia saini amri ya kuanzisha hifadhi ambayo leo tunaiita Virunga.

Kitshanga iko ubavuni mwa hifadhi hiyo, upande wa magharibi, pale Bashali ya Masisi inapokutana na Bwito ya Rutshuru. Watu wa huku wameishi na matokeo ya safari ile kwa karne nzima: mipaka ya mbuga, walinzi, mashamba yaliyoangukia ndani na yaliyoangukia nje. Filamu yenyewe ilikwenda New York.

Karibu kila filamu iliyopigwa katika milima hii baada ya hapo ilipita njia hiyohiyo. Ilipigwa hapa, ikasafishwa kwingine, ikabaki huko ilikosafishwa. Historia ya sinema ya Kivu kwa kawaida husimuliwa kwa kuwataja wapigaji na misafara yao. Mimi naona isimuliwe kuanzia kwenye beseni la dawa, maana hapo ndipo ilipoamuliwa nani atatunza picha na nani hataiona kamwe.

Ukanda wa filamu ni plastiki iliyopakwa jeletini, na ndani ya jeletini mna chembe ndogo mno za chumvi ya fedha. Mwanga ukiigusa chembe, chembe hubadilika kidogo sana, kiasi kwamba ukiutazama ukanda huoni kitu. Picha imo, ila imejificha. Ndipo ukanda huingizwa gizani kwenye dawa ya kwanza, ambayo huzigeuza chembe zilizoguswa na mwanga kuwa fedha halisi, nyeusi. Dawa ya pili huziyeyusha zile ambazo hazikuguswa. Kisha maji, tena maji mengi na safi, kwa kuwa dawa ikisalia ndani ya jeletini itaila picha pole pole miaka ijayo. Dawa ikizidi joto, picha huungua na kuwa nzito. Ikipoa, hutoka hafifu. Mwisho ukanda hukaushwa mahali pasipo na vumbi hata chembe. Kinachopatikana ni negativu, na nakala za kuonyesha watu huchapwa kutoka kwenye hiyo. Nakala huchanika na kuchakaa kwenye mashine. Negativu ikiwapo, nyingine itachapwa. Ikipotea, filamu imekufa.

Giza, maji safi, joto lisiloyumba, hewa isiyo na vumbi: hivi vyote viliwezekana Afrika Mashariki mapema kuliko wengi wanavyodhani. Martin na Osa Johnson, Wamarekani waliopiga filamu za wanyama, walipokaa Ziwa Paradise huko Marsabit, kaskazini mwa Kenya, kati ya 1924 na 1927, walijenga maabara yao msituni na kusafisha filamu papo hapo. George Eastman, mwenye Kodak, alikuwa miongoni mwa waliowapa fedha, na mwaka 1926 alikwenda kuwatembelea. Baadaye akina Johnson hao waliingia Kongo kuwapiga Wambuti wa Ituri na gorila wa milima ya Kivu, kwa ajili ya filamu yao ya sauti, Congorilla, iliyotoka 1932.

Lakini mfano unaonigusa zaidi ni wa Vugiri, kwenye milima ya Usambara, karibu na Korogwe. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza wawili, L. A. Notcutt na G. C. Latham, waliendesha hapo mradi wa kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika, kwa fedha za shirika la Carnegie la New York. Walipiga kwa ukanda mwembamba wa milimita 16, wakatia sauti kwenye santuri, na kazi ya kusafisha ilifanyika palepale mlimani, Waafrika wakifunzwa kuifanya. Kwa muda usiotimia miaka miwili zilitoka filamu 35, zikazungushwa kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda, hadi Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Nyingi zilikuwa za kufundisha kilimo, afya na kuweka akiba, na waliozitengeneza waliwadharau watazamaji wao kwa namna inayochukiza kuisoma leo. Hata hivyo Vugiri inathibitisha jambo moja: maabara ya filamu ilisimama katika milima ya Afrika Mashariki, mikono ya Waafrika ikafanya kazi yake, na ikatoa matokeo. Fedha zilipokwisha kila kitu kilifungwa. Kati ya filamu zile 35, zinazojulikana kusalia ni 3 tu, kwenye hifadhi ya British Film Institute, Uingereza. Moja inaonyesha mashamba ya Kingolwira, karibu na Morogoro.

Huku kwetu Kivu, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, sinema ilishikwa sana na wamisionari. Kanisa Katoliki lilikuwa na nyumba 3 za filamu katika Kongo ya Wabelgiji: Edisco-Films mjini Léopoldville, Luluafilm mjini Luluabourg, na Africa Films mjini Bukavu, iliyoongozwa na Padri Roger De Vloo wa Mapadri Weupe. Ile ya Luluabourg ndiyo iliyotoa vichekesho vya Matamata na Pilipili, kazi ya Padri Albert Van Haelst, ambavyo wazee wa Kasai wanavikumbuka hadi leo. Ya Bukavu imesahaulika zaidi, na hilo linaniuma, kwa sababu ilikuwa karibu nasi zaidi ya zote.

Pamoja na mapadri walikuja wengine. Mwaka 1948 volkano ya Kituro ililipuka juu ya Sake, ubavuni mwa Nyamulagira, na mwanajiolojia Haroun Tazieff akatumwa kuitazama. Huo ndio mlipuko uliomfanya mtu wa volkano maisha yake yote, na mwaka 1959 akatoa filamu ndefu, Les Rendez-vous du diable. André Cauvin aliifuata ziara ya Mfalme Baudouin ya mwaka 1955 akatengeneza Bwana Kitoko. Mwaka 1958 ikatoka Les Seigneurs de la forêt ya Heinz Sielmann na Henry Brandt, iliyogharamiwa na taasisi ya Mfalme Leopold wa Tatu. Misitu, wanyama na watu wa mashariki mwa Kongo walionekana ndani yake kwa skrini pana na rangi, na kampuni ya 20th Century Fox ikaisambaza duniani.

Fikiria maana ya kazi hizi kwa aliyesimama mbele ya kamera. Mpigaji anamaliza ukanda, anaufunga kwenye kopo lisilopitisha mwanga, kopo linapanda ndege au meli. Wiki kadhaa zinapita kabla mtu yeyote hajajua kama picha imetoka. Ikitoka, hukatwa na kuunganishwa huko, maneno huandikwa huko na mtu ambaye hakuwahi kumsikia msemaji wa kwenye picha. Mama aliyepigwa akipalilia mtama hakupata hata siku moja nafasi ya kusema: huyo ni mimi, na hilo mnalosema si kweli. Chumba cha giza kingekuwa Goma au Masisi, angeitwa atazame siku ya tatu.

Kisa cha karibuni kinaonyesha kwamba njia ile haikubadilika hata baada ya uhuru. Kati ya 2012 na 2013 msanii wa Ireland, Richard Mosse, akiwa na mpigaji Trevor Tweeten na mtunzi wa sauti Ben Frost, alipiga The Enclave mashariki mwa Kongo, milima ya Masisi ikiwamo. Alitumia ukanda wa milimita 16 wa rangi unaonasa miali isiyoonekana kwa jicho, iliyo ng'ambo ya wekundu. Filamu ya aina hiyo ilibuniwa kwa ajili ya jeshi wakati wa Vita vya Pili: jani hai hurudisha miali hiyo kwa wingi, nguo au turubai iliyopakwa rangi ya kijani hairudishi, hivyo adui aliyejificha majanini huonekana. Kwenye picha iliyosafishwa majani hugeuka waridi na wekundu. Kodak ilikuwa imeshaacha kuitengeneza. Mosse alikuwa akitumia masalia, ambayo hutunzwa kwenye baridi na kupakiwa gizani kabisa. Kazi hiyo iliiwakilisha Ireland kwenye maonyesho ya Venice mwaka 2013, na mwaka uliofuata Mosse akapata tuzo ya upigaji picha ya Deutsche Börse.

Naiheshimu kazi ile, na nadhani alikuwa mkweli kwa nia yake ya kuuonyesha mzozo ambao ulimwengu umezoea kutouona. Lakini kwa mtu wa Masisi rangi ya malisho ni habari. Kwa rangi unajua kama ni masika au kiangazi, kama shamba limelala au limelimwa, kama ng'ombe wamepita. Picha maarufu kuliko zote za milima yetu katika karne hii zimefuta habari hiyo. Mwanzoni mwa mwaka huohuo wa 2013 sehemu kubwa ya Kitshanga iliteketea katika mapigano, na walioyaona walikuwa na simu tu za kuyanasa.

Sasa makopo ya zamani yanazeeka, na kuzeeka kwa filamu kuna harufu. Kanda za milimita 35 za kabla ya mwaka 1951 nyingi ni za nitrati, ambayo ikiwaka haizimiki hata chini ya maji, kwa kuwa inajitengenezea oksijeni yenyewe. Zilizofuata ni za asetati. Hizi haziwaki hivyo, ila zikikaa kwenye joto na unyevu huanza kutoa asidi ya siki. Asidi hiyo huharakisha uozo, uozo huzalisha asidi zaidi, na ukanda husinyaa, hujikunja, jeletini hubanduka. Watunzaji huweka ndani ya kopo kipande cha karatasi cha bluu: kikigeuka kijani, kisha manjano, wanajua muda umebaki mchache. Filamu nyingi za rangi za miaka ya 1950 hufifia hata zikitunzwa, zikabaki wekundu mtupu.

Katika maabara kama L'Immagine Ritrovata ya Bologna, Italia, kazi ya kuokoa huanza kwa mikono. Fundi huupitisha ukanda mezani sentimita kwa sentimita, anaziba matundu ya pembeni yaliyochanika, anafungua maungio yaliyokauka. Ukanda huoshwa, kisha hupitishwa kwenye mashine ya kunakili ukiwa umelowa kimiminika kinachopitisha mwanga sawasawa na plastiki yenyewe. Mikwaruzo hujaa kimiminika hicho na haionekani tena. Kila picha hunaswa peke yake. Dakika moja ya sinema ya sauti ina picha 1,440, kwa hiyo filamu ya saa moja na nusu ni karibu picha 130,000. Halafu rangi hurudishwa, na hapo fundi anahitaji shahidi: nakala nzuri ya zamani, maandishi ya mpigaji, au mtu aliyekuwapo. Kwa utaratibu huu mradi wa urithi wa filamu za Afrika, uliotangazwa mwaka 2017 na taasisi ya Martin Scorsese, shirikisho la watengeneza filamu wa Afrika FEPACI na UNESCO, ulianza kuziokoa filamu 50, ya kwanza ikiwa Soleil Ô ya Med Hondo.

Filamu za kikoloni za Kongo ziko zaidi Brussels. Cinematek, hifadhi ya taifa ya filamu ya Ubelgiji iliyoanzishwa mwaka 1938, ilitoa mwaka 2010 seti ya DVD za kazi za Ernest Genval, Cauvin na Gérard De Boe. Ni jambo jema. Lakini fundi wa Brussels, hata awe hodari vipi, anaweza kuondoa mkwaruzo usoni mwa mtu bila kujua mtu huyo ni nani. Lebo nyingi za filamu hizi hutaja jimbo na kabila. Hazitaji kijiji wala jina. Tena baadhi ya lebo ni hatari. Masisi ni teritori ambako swali la nani alikuwa hapa kwanza limeua watu, na maneno ya mtangazaji wa mwaka 1950 kwamba kilima fulani kilikuwa kitupu yanaweza kubebwa leo kama ushahidi. Picha bila maelezo ya wenyeji wa pande zote ni afadhali isionyeshwe haraka.

Wenyeji ndio mashahidi ambao maabara inawakosa. Mzee wa Bashali akionyeshwa ziwa la Ndalaga, kule Mokoto, hatahitaji lebo. Atasema kamera ilisimama wapi, na pengine msitu uliishia wapi kabla ya malisho kuingia. Vijana wa kuifanya kazi hiyo wapo. Yole!Africa imefundisha sinema Goma tangu 2002, na mwanzilishi wake, Petna Ndaliko Katondolo, alizichukua picha za kikoloni zenyewe na kuzihoji katika filamu yake Kapita ya mwaka 2020.

Kinachobana ni muda. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1958 amekaribia 80, na huenda hayupo tena kwake: waasi wa M23 waliiteka Kitshanga Januari 2023, na watu wengi wa kambi za wakimbizi wa ndani za Mungote na Kahe, na wa mji wenyewe, wakatawanyika Goma na kwingineko. Kwa hiyo wenye hifadhi Ulaya wasingoje jumba la makumbusho lijengwe Masisi ndipo watume nakala. Watume sasa, kwa Goma, Bukavu na popote wazee hao walipo, pamoja na projekta, kinasa sauti na mtu anayejua Kihunde, Kinyarwanda na Kiswahili wa kuandika wanachosema. Maandishi hayo yarudi kwenye faili la kila filamu, yakae juu ya lebo ya zamani.