Mwendo wa Randa Hutoka Wapi?

Wenzetu wa Gairo, na ninyi nyote mliokaa darasani, leo tutasoma habari za randa na mwendo wake.

Zamani mwendo wa randa ulikuwa ni mkono wa fundi. Mkono ukichoka, randa huenda polepole. Mwaka 1791 Mwingereza Samuel Bentham alipata hati ya serikali kwa mashine ya kupigia randa. Mashine hiyo iliiga mkono: ilikwenda mbele na kurudi nyuma. Mwaka 1828 Mmarekani William Woodworth alipata hati ya mashine yenye visu vinavyozunguka. Randa ya mezani tuionayo leo ni mjukuu wa mashine hiyo. Siku zile nguvu ilitoka kwa maji au mvuke, ikapita katika mikanda na magurudumu.

Kisha ikaja mota ya umeme. Mota ya kawaida, ile isiyo na makaa ndani, hufuata mdundo wa umeme wenyewe. Umeme wetu huenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Mdundo huo unatoka katika mitambo mikubwa izungukayo kwa pamoja, kama ile ya Kidatu, hapa mkoani Morogoro, iliyoanza kazi mwaka 1975 kwa maji ya mto Ruaha Mkuu. Kwa hiyo fundi wa Gairo akiwasha mota yake, mwendo wake umekwisha kupangwa huko. Marekani mdundo ni mara 60. Mota iliyozunguka mara 3,450 kwa dakika kule, hapa huzunguka kama mara 2,850 tu, na transfoma haiwezi kuurudisha mwendo huo.

Basi mwendo hubadilishwaje? Kuna watu hudhani kwamba umeme ukiwa hafifu, mota itapunguza mwendo bila madhara. Sivyo. Mota yenye kazi nzito huvuta umeme mwingi zaidi, hupata moto, na mwisho huungua. Hasara hiyo ni kubwa kwa fundi mdogo.

Njia nzuri ni ile ya mafundi wa mikanda: kubadili puli. Puli ya mota ikiwa na upana wa inchi 6, na ya visu inchi 3, mota ikizunguka mara 2,850, visu vitazunguka mara 5,700. Weka puli ya inchi 4 kwenye mota, na visu vitazunguka mara 3,800. Lakini visu vikienda polepole na mbao ikasukumwa upesi, uso wake hubaki na mawimbi. Tena usipite kipimo kilichoandikwa kwenye mashine, maana kisu kikichomoka huua. Chomoa waya wa umeme kwanza, ndipo uguse mkanda.

Mashine ndogo za siku hizi mara nyingi zina mota ya makaa. Hiyo haifuati mdundo, na mwendo wake hupunguzwa kwa kitufe, kama mtengenezaji amekiweka.

Swali la darasa: puli ya mota ni inchi 5, ya visu ni inchi 3. Mota ikizunguka mara 2,850, visu vitazunguka mara ngapi?