Historia ya Kuhami Nyumba Kongwe katika Bonde la Kati la California

Bonde la Kati la California, lililoko magharibi mwa Marekani kati ya safu ya Sierra Nevada na milima ya pwani, lina urefu wa takriban kilomita 700, na katika kiangazi chake, ambacho hupita miezi kadhaa bila mvua ya maana, joto la mchana huvuka nyuzi 38 za Selsiasi mara kwa mara. Hata hivyo, kinacholitofautisha bonde hili na nchi nyingi za joto ni usiku wake. Mjini Sacramento wastani wa joto la juu la mwezi Julai hukaribia nyuzi 34, ilhali wastani wa joto la chini hushuka hadi karibu nyuzi 16, kwa kuwa jioni upepo wa baharini hupenya kwenye mlangobahari wa Carquinez, ukavuka delta ya mito na kuupoza mji. Fresno, iliyo mbali zaidi na mwanya huo, haipati nafuu hiyo kwa kiwango kile kile. Historia ya kuhami nyumba kongwe za bonde hili, yaani kuzitia vitu vya kuzuia joto baada ya kuwa zimejengwa na kukaliwa kwa miaka mingi, haieleweki vizuri bila kuuzingatia usiku huo, ambao wajenzi wa kwanza waliutegemea, waliofuata wakausahau, na sheria ikachelewa sana kuukumbuka.

Wakazi wa asili wa bonde walijenga kwa vitu vilivyopatikana mabwawani na ardhini. Wayokuts wa upande wa kusini walisuka mikeka ya matete na kuiezeka juu ya fito, na kwa kuwa tete lina uwazi ndani uliojaa hewa, mkeka wake ulikuwa kihami hasa, maana kazi ya kihami chochote ni kuifunga hewa ikatulia ili joto lisipate njia nyepesi ya kupita. Wanisenan, waliokaa karibu na Sacramento ya leo, walikuwa pia na majumba makubwa ya mikutano yaliyochimbwa nusu ardhini na kufunikwa kwa udongo. Udongo hufanya kazi kwa namna nyingine: haulizuii sana joto lisiingie, bali hulimeza na kulichelewesha, hata likifika ndani jua limekwisha kuzama na hewa ya nje imekuwa baridi. Nguvukazi ya wenyeji hao ndiyo iliyotumika kujenga ngome ya mlowezi John Sutter mwanzoni mwa miaka ya 1840, wakati California ilipokuwa bado sehemu ya Mexico, ngome ambayo kuta zake za matofali mabichi yaliyokaushwa juani zilikuwa na unene wa karibu sentimita 75.

Ugunduzi wa dhahabu mwaka 1848 uliukatiza utaratibu huo kwa ghafla. Maelfu ya watu walitaka makazi ya haraka, misitu ya redwudi ya pwani ilitoa mbao nyingi kwa bei nafuu, na mafundi kutoka mashariki walikuja na ujenzi wa fremu nyepesi, ambao hutumia nguzo nyembamba za mbao zilizopigiliwa misumari na kufunikwa kwa mbao upande wa nje na kwa lipu juu ya papi upande wa ndani, huku katikati pakibaki tupu. Uwazi huo uliokwenda kutoka msingini hadi paani ulikuwa kama dohani, kwa kuwa hewa iliyopata joto ilipanda ndani yake bila kizuizi na moto uliozuka chini ulifika juu kwa dakika chache. Kwa kupima na kukata mbao fundi angeweza kuimaliza nyumba kwa wiki chache, lakini alikuwa amebadilisha ukuta wa sentimita 75 kwa ukuta ambao joto liliupita mchana ule ule.

Wenye nyumba hawakukaa tu wakivumilia. Mjini Sacramento, ambako mafuriko ya 1861 na 1862 yaliwafundisha watu kuinua sakafu ya makazi juu kuliko usawa wa barabara, orofa ya chini ikawa pia mahali pa kukimbilia joto. Dari zikajengwa juu sana, baraza zikazungushwa upande wa jua, na miti ya kivuli ikapandwa pembezoni mwa barabara hadi mji ukajulikana kwayo. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikaongezwa baraza ya kulalia, yaani chumba cha orofani chenye nyavu za mbu mahali pa kuta, ambacho familia nzima ilihamia wakati wa kiangazi. Mjini Fresno, tajiri wa mashamba ya zabibu M. Theo Kearney aliijenga nyumba yake kubwa kati ya 1900 na 1903 kwa matofali mabichi ya udongo, akaivika sura ya Kifaransa. Ni mfano wa nadra wa mtu mwenye uwezo wa kununua chochote aliyechagua ukuta wa maskini kwa sababu alijua unavyofanya kazi.

Vihami vya viwandani vilikuwapo tayari. Sufu ya mawe, ambayo hutengenezwa kwa kuyeyusha mawe na kuyapuliza yakawa nyuzi, ilianza kuzalishwa na Charles Corydon Hall katika jimbo la Indiana mwaka 1897, na nyuzi za kioo zikafuata katika miaka ya 1930. Lakini vitu hivyo vilizaliwa katika nchi ya theluji na vilitangazwa kama njia ya kuokoa makaa ya mawe, kwa hiyo bondeni, ambako majira ya baridi ni mafupi, wachache waliona haja ya kuvinunua. Badala yake, kuanzia miaka ya 1930, kilichoenea ni kipoza hewa cha maji, nacho ni kasha lenye feni inayovuta hewa kavu kupitia pedi za nyuzi za mbao zilizoloweshwa, ambayo hupoa maji yanapogeuka kuwa mvuke. Kipoza hicho hutaka madirisha yawe wazi kidogo ili hewa ipate pa kutokea, na kwa sababu hiyo hakikumlazimisha mtu kuziba nyumba wala kuihami.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kiyoyozi cha umeme kilikuja pamoja na mitaa mipya ya nyumba za gharama nafuu zilizojengwa kwa mamia, zenye dari fupi, paa la mteremko mdogo na baraza iliyopungua hadi kuwa mapambo. Umeme ulikuwa rahisi, na mjenzi aliyeacha kuhami alipunguza bei ya kuuzia huku bili ikilipwa na mwingine. Baya zaidi ni kwamba mabomba makubwa ya kusambazia hewa baridi yaliwekwa mara nyingi darini, katika nafasi iliyo kati ya dari na paa, ambayo mchana wa Julai huweza kufikia nyuzi 60. Nyumba hizo, ambazo leo nazo huhesabiwa kuwa kongwe, zilipozwa kwa kupitisha hewa baridi ndani ya tanuri.

Hesabu iligeuka katika miaka ya 1970, na iligeukia kwenye kituo cha umeme kabla ya kufika chumbani. Kampuni za umeme zilikuwa zikitabiri ukuaji wa mahitaji ambao ungedai mitambo mingi mipya, ya nyuklia ikiwemo. Kisha vikwazo vya mafuta vya 1973 vikapandisha bei. Mwaka 1974 Gavana Ronald Reagan alitia saini Sheria ya Warren-Alquist, iliyounda Tume ya Nishati ya California na kuipa mamlaka ya kuweka viwango vya ujenzi, ambavyo vilianza kutumika mwaka 1978. Mji mdogo wa Davis, ulio karibu na Sacramento na wenye chuo kikuu kilichokuwa kimechunguza kwa miaka mingi athari za jua kwenye majengo, ulikuwa umekwisha kupitisha kanuni zake mwaka 1975. Ikumbukwe kwamba kanuni zote hizo zililenga nyumba mpya, na nyumba iliyokwisha kujengwa haikuguswa mpaka mwenyewe apende au atafute kibali cha kuibadilisha.

Kwa nyumba zilizokuwapo, serikali ilitumia ushawishi wa fedha. Mpango wa shirikisho wa kuhami nyumba za watu wa kipato cha chini ulianzishwa kwa sheria ya 1976, na sheria za 1978 zilitoa nafuu ya kodi ya hadi dola 300 kwa kazi za namna hiyo na kuzitaka kampuni kubwa za umeme na gesi zitoe huduma ya ukaguzi wa nishati majumbani. Mafundi wakaingia darini na mashine za kupulizia selulosi, ambayo ni karatasi za magazeti zilizosagwa na kuchanganywa na boroni ili zisishike moto, na wakatoboa kuta kutoka nje, tundu moja kwa kila nafasi kati ya nguzo, wakajaza uwazi uliokuwa mtupu tangu karne iliyopita. Ubora ulipimwa kwa kipimo cha R, yaani ukinzani wa kitu dhidi ya kupitisha joto: dari isiyo na kitu ilihesabiwa karibu na sifuri, na viwango vya mwanzo vya nyumba mpya vilidai R-19 darini na R-11 ukutani.

Akiba iliyopatikana mara nyingi haikulingana na ile iliyotabiriwa, na sababu yake iligunduliwa mbali na bonde. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, waliokuwa wakichunguza nyumba za Twin Rivers katika jimbo la New Jersey, walibaini kwamba joto lilikuwa likipita kwa wingi kwenye mianya iliyofichika, pembeni mwa mabomba, nyaya na dohani, na kwamba kihami kilichotandazwa juu ya mianya hiyo kilichuja hewa tu bila kuizuia. Feni inayofungwa mlangoni, ambayo huinyonya nyumba hewa ili uvujaji wake upimwe, ikawa chombo cha kawaida cha fundi, na utaratibu wa kuziba kwanza ndipo kuhami ukaanza kukubalika. Vipimo vya baadaye vilionyesha pia kwamba mabomba ya hewa darini yalivuja sana, hata kanuni za California za mwaka 2005 zikadai yazibwe kila kiyoyozi kinapobadilishwa katika maeneo yenye joto kali.

Sacramento ilipata sababu yake ya pekee. Shirika lake la umeme la umma, lililoidhinishwa kwa kura mwaka 1923, lilikuwa likimiliki mtambo wa nyuklia wa Rancho Seco, ambao wapiga kura waliuamuru ufungwe mwezi Juni 1989. Chini ya S. David Freeman, aliyeliongoza kuanzia 1990, shirika hilo lilianza kuuchukulia umeme usiotumika kuwa chanzo cha umeme, likagharimia maboresho ya nyumba na, kwa kushirikiana na taasisi ya miti ya mji, likagawa bure mamia ya maelfu ya miche ya kivuli. Mti wa upande wa magharibi hulikinga jua la alasiri, saa ambayo viyoyozi vyote huwaka kwa pamoja, na ni vigumu kutoona kwamba mji ulikuwa ukilipia upya kitu ambacho wazee wake walikifanya bila mshauri.

Usiku nao ulirudi polepole. Kihami hakibagui, kwa kuwa huzuia joto lisitoke sawasawa na kinavyolizuia lisiingie, na nyumba iliyohamiwa vizuri lakini ikafungwa usiku kucha hubaki na joto lake hadi asubuhi. Feni kubwa ya darini, inayovuta hewa baridi kupitia madirisha na kuisukuma ile ya moto ipite paani, ilitumika Sacramento kwa miongo mingi kabla ya kuingizwa katika viwango vya nyumba mpya za maeneo ya joto kwa kanuni za mwaka 2013.

Zimebaki nyumba ambazo utaratibu wote huu huzikwepa. Nyingine zina nyaya za zamani zilizopitishwa kwenye vishikizo vya kauri na kutegemea hewa ya pembeni ili zipoe, ambazo sharti zikaguliwe na fundi umeme kabla ya kufukiwa. Nyingine zina darini chembe za vemikulaiti zilizotoka mgodi wa Libby, Montana, uliofungwa mwaka 1990, ambazo huenda zikawa na asbesto na hazifai kuguswa na mtu asiye na ujuzi. Vibanda vya wafanyakazi wa mashambani vilijengwa mara nyingi kwa ukuta wa ubao mmoja, usio na uwazi wowote wa kujazwa, na mpango wa shirikisho huiahirisha nyumba yenye paa linalovuja mpaka paa litengenezwe kwanza kwa fedha nyingine. Katika nyumba za kupanga, gharama ya kuhami humwangukia mwenye nyumba, ilhali bili ya umeme humwangukia mpangaji, na kila mmoja ana sababu ya kumsubiri mwenzake. Joto lenyewe halisubiri: tarehe 6 Septemba 2022 katikati ya mji wa Sacramento palifikia nyuzi 46.7, na kuivunja rekodi iliyokuwa imedumu tangu Julai 1925.