Jemadari na Wataalamu

Wasomaji wetu wa Bahi wakumbuka jinsi makampuni yalivyokuja katika miaka ya 2000 kutafuta urani karibu na majaruba ya mpunga. Wengi wauliza, ni jiwe gani hilo hata watu wa mbali walifuate huku Ugogo? Khabari zake ni ndefu. Leo twasimulia sehemu moja tu, jinsi askari na wataalamu walivyofungwa nira moja ili kulijaribu bomu lake.

Urani ya kwanza kwa sehemu kubwa ilitoka Shinkolobwe, huko Katanga. Mwaka 1940 tani zaidi ya 1,200 zilipelekwa New York, na mwaka 1942 Wamarekani wakazinunua. Mwaka huo huo Jemadari Leslie Groves alikabidhiwa kazi, naye akamchagua mwalimu wa chuo kikuu, Robert Oppenheimer, awe mkuu wa maabara ya Los Alamos.

Shauri la kwanza lilikuwa wataalamu wote wavae sare na kupokea amri. Oppenheimer alikubali, hata akapimwa na madaktari ili awe luteni kanali. Lakini Isidor Rabi na Robert Bacher walikataa kata kata. Walisema maabara haiwezi kutafuta ukweli kwa amri. (Nasi walimu twaijua shida hiyo: mtoto aliyezoea kuitikia “ndiyo” hasemi kwamba hesabu ya ubaoni ina kosa.) Bacher alipokuja mwaka 1943 alitoa barua ya kujiuzulu, ianze siku ile maabara itakapofanywa kambi ya jeshi. Siku hiyo haikuja. Askari walilinda ua, raia wakatawala ndani.

Kwa hiyo tarehe 16 Julai 1945, mvua iliponyesha jangwani New Mexico, jemadari alimsikiliza mtaalamu wa hali ya hewa, na jaribio likasogezwa kutoka saa kumi hata saa kumi na moja u nusu alfajiri. Ila wanavijiji wa karibu hawakuonywa, na vumbi likawaangukia.

Mwaka 1946 mambo yaligeuka. Katika kisiwa cha Bikini wenyeji 167 walihamishwa, na watu zaidi ya 42,000 wakakusanywa chini ya Admeral William Blandy. Sasa wataalamu walikuwa chini ya jeshi. Tarehe 25 Julai bomu lililipuliwa ndani ya maji, likazimwagia merikebu maji yenye sumu. Mabaharia wakaamriwa kuzisugua. Daktari Stafford Warren, ingawa naye alikuwa kanali, alisihi waache. Maofisa hawakuiamini sumu wasiyoiona. Mwezi wa Agosti akamletea Blandy picha ya samaki. Samaki huyo alilazwa juu ya bamba la picha, na mionzi iliyokuwa mwilini mwake ikampiga picha bila taa yo yote. Hapo Blandy akasimamisha kazi, na jaribio la tatu likafutwa.

Watu wa Bikini wachache walirudishwa kwao katika miaka ya 1970. Mwaka 1978 wakaondolewa tena.