Wimbo wa Taifa, ngoma za Usukuma na safari ya kuingia kwenye piano

Na Mwandishi Wetu, Shinyanga

WATANZANIA wengi huufahamu Wimbo wa Taifa tangu shule ya msingi, lakini ni wachache wanaojua kuwa sauti zake ziliandikwa kwanza kwa herufi, si kwa nota za mistari mitano.

Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, Afrika Kusini, aliutunga mwaka 1897 kwa solfa, yaani do, re, mi, mtindo ulioenezwa na Mwingereza John Curwen. Tanganyika iliuchukua mwaka 1961, ukiwa na maneno ya Kiswahili.

Kwa kuwa ni wimbo wa kwaya wa sauti nne, kuuhamishia kwenye piano si kazi ngumu. Mkono wa kulia hubeba sauti ya kwanza na ya pili. Wa kushoto hubeba ya tatu na bezi.

Kenya ilifuata njia nyingine. Mwaka 1963 kamati ya wanamuziki ilichukua wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto, ikautungia maneno mapya na kuupanga upya kuwa wimbo wa taifa.

Ngoma za Usukuma ni ngumu zaidi. Bugobogobo, ngoma ya majembe, ilikulia shambani, ambako mapigo yake huwasaidia wakulima kuinua na kushusha majembe kwa pamoja. Manju, ambaye Wasukuma humwita ningi, huanzisha na wenzake huitikia.

Aidha, Kisukuma ni lugha ambayo kupanda na kushuka kwa sauti hubeba maana, na mwimbaji huteleza katikati ya sauti mbili. Piano haina kitufe cha katikati hiyo.

Mpangaji makini huupa mkono wa kushoto mapigo ya ngoma, na wa kulia humwimbia ningi kisha waitikiaji. Anayetegemea mapigo yaliyomo tayari ndani ya kinanda cha umeme huubakiza wimbo, lakini ngoma yenyewe huwa imeondoka.

Somo lipo Bujora, karibu na Mwanza. Padri David Clement kutoka Kanada, aliyefika huko miaka ya 1950, aliingiza kanisani ngoma pamoja na nyimbo za Kisukuma. Kituo na makumbusho ya Wasukuma vipo hapo hadi leo.

Jambo hili lina uzito Shinyanga na Geita. Plau na trekta vimepunguza kilimo cha pamoja cha jembe la mkono, nao vijana wengi wamekimbilia dhahabu; mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000. Shamba lililoulea wimbo linapotoweka, karatasi ya nota huweza kubaki shahidi pekee.

Ndiyo maana inafaa wazee warekodiwe kwanza, wakiwa na ngoma na maneno yao, ndipo piano ifuate. Mtoto atakayeujifunza wimbo huo kwenye kinanda atakuwa na mahali pa kurejea kuusikia mzima.