Wasichana Sita wa Makerere

Msichana wa Kiogoro aliyefaulu mtihani wake aweza leo kwenda Chuo Kikuu cha Kisii, ambacho hakiko mbali na kwao, wala hakuna atakayestaajabu kumwona darasani. Mambo hayakuwa hivyo sikuzote, na ili tujue yalivyobadilika yatupasa kwanza kwenda Kampala.

Makerere ilianzishwa mwaka 1922, na kwa miaka mingi ndiyo iliyowapa elimu ya juu vijana wa Uganda, Kenya, Tanganyika na Unguja. Kaulimbiu yake, iliyoandikwa kwa Kiingereza, ilisema, "Tuwe wanaume." (Laiti ingalitungwa kwa Kiswahili, neno "watu" lingaliwatosha wote!) Mwaka 1945 chuo kilipokea wanawake sita wa kwanza, na maneno hayo yakawa hayafai tena. Yakafutwa, na mahali pake pakaandikwa, "Twajenga kwa ajili ya siku zijazo."

Miongoni mwa wanawake wa mwanzo chuoni hapo alikuwamo Sarah Nyendwoha, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Sarah Ntiro. Alitaka kusoma hisabati; lakini mwalimu wa somo hilo alikataa kuwafundisha wanawake. Fikirini, enyi wanafunzi: lango la chuo lilikuwa wazi, kanuni imekwisha kubadilishwa, hata kaulimbiu imefutwa, lakini mlango wa darasa moja ulibaki umefungwa, na aliyeushika ufunguo alikuwa mtu mmoja tu. Binti huyo akageukia historia. Baadaye alikwenda Oxford, Uingereza, akapata shahada mwaka 1954, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika Mashariki. Aliporudi kufundisha akakuta walimu wanawake wakilipwa pungufu ya wanaume, akakataa kabisa kuupokea mshahara huo.

Kufikia mwaka 1990 hapakuwa na kanuni yoyote ya Makerere iliyowakataza wasichana, walakini walikuwa bado wachache kuliko theluthi moja ya wanafunzi. Ndipo chuo kikakata shauri kumwongezea kila msichana alama moja na nusu katika hesabu ya kuingia. Idadi yao ikapanda. Wapo walionung'unika, na nung'uniko moja lilikuwa la haki: waliofaidika zaidi walikuwa mabinti wa shule nzuri, si wale wa shule maskini za vijijini. Kwa maoni yangu kosa halikuwa kutoa alama, bali kuwapa wote sawasawa. Hata hivyo chuo kilikuwa kimeitangulia sheria, maana Katiba ya Uganda iliyowapa wanawake haki ya msaada wa namna hiyo ilikuja mwaka 1995.

Kwetu Kisii sheria ndiyo iliyotangulia. Chuo kilifunguliwa mwaka 1965 kuwafunza walimu wa shule za msingi, kikawa tawi la Egerton mwaka 1994, na Februari 2013 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Wakati huo Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikuwa imekwisha kuweka masharti yake. Kifungu cha 27 chaagiza kwamba katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa watu wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili. Tena chakataza ubaguzi kwa ajili ya jinsia, ndoa, hata ujauzito. Basi yule msichana wa Kiogoro, akiwa amezaa kabla ya kumaliza masomo, hawezi kunyimwa nafasi yake chuoni kwa sababu hiyo.