Kutoka Mshale Mpaka Kidonge

Njia itokayo mji wa Isiolo kwenda Garbatulla hupita Kulamawe, makao ya wafugaji katika nchi kavu ya kaskazini mwa Kenya. Mahali kama hapo, mgonjwa wa moyo aliyetibiwa hospitali ya mbali hurudi nyumbani na vidonge vyake, na mtu wa kumwangalia baada ya hapo mara nyingi si daktari, bali ni muuguzi. Huenda mkononi mwa mgonjwa huyo mkawa na kidonge kidogo kiitwacho digoksini. Habari za ukoo wa dawa hiyo zinastahili kujulikana na kila mwanafunzi, maana ndugu zake wawili walizaliwa Afrika, tena walizaliwa kwa kazi ya kuua.

Tangu zamani wawindaji wa nchi zetu waliujua mti uitwao msunguti. Wawata, Wakamba na Wagiriama walikatakata miti na mizizi yake, wakaichemsha kwa saa nyingi hata ikabaki sumu nyeusi, nzito kama lami. Waliipaka nyuma ya chembe cha mshale, kisha wakaizungushia ngozi isije ikakauka au kumdhuru mwenyewe. Hata ndovu alianguka, kwa kuwa sumu hiyo ikiingia katika damu huushika moyo na kuusimamisha. Lakini nyama yake ililiwa, kwani sumu ya msunguti ikipita tumboni huingia mwilini kwa kiasi kidogo sana. Wawindaji hawakuwa na maabara. Walikuwa na macho na subira.

Huko Uingereza, mwaka 1785, tabibu William Withering alitoa kitabu juu ya mmea uitwao dijitalisi, ambao wenyeji walikuwa wakiutumia kutibu uvimbe wa mwili. Alionya kwamba dawa ile ikianza kumchafua mgonjwa tumbo au kupunguza mapigo yake, isiendelezwe. Onyo hilo lina zaidi ya miaka 200, na bado halijachakaa.

John Kirk, tabibu aliyefuatana na Livingstone katika safari ya mto Zambezi iliyoanza mwaka 1858, na ambaye baadaye alikuwa balozi wa Uingereza huko Unguja, alikutana na sumu nyingine ya mishale, iitwayo kombe. Siku moja mswaki wake ulikuwa umekaa pamoja na sumu hiyo. Alipopiga mswaki aliona uchungu mdomoni, na mapigo ya moyo wake yakapungua. Thomas Fraser wa Edinburgh aliichunguza kombe, na kufikia mwaka 1885 alikuwa amewaeleza matabibu wenzake kuwa inafaa kutibu moyo. Mwaka 1888 Mfaransa Arnaud alitoa kiini safi cha sumu ya ukoo wa msunguti. Kiini hicho huitwa uwabaini, jina lililotokana na neno la Kisomali, wabayo. Digoksini yenyewe ilitolewa katika aina moja ya dijitalisi mwaka 1930.

Dawa hizi zote hufanya kazi ya namna moja: huutia moyo nguvu ya kusukuma damu, na huupunguzia haraka. Siku hizi zipo dawa nyingine zilizotangulizwa mbele ya digoksini, lakini haijaachwa. Hatari yake ni hii, kwamba kipimo kiponyacho na kipimo kidhurucho vimekaribiana mno. Kwa hiyo muuguzi, kabla ya kumpa mtu mzima kidonge, husikiliza moyo wake kwa dakika nzima. Mapigo yakiwa chini ya 60, hukizuia kidonge na kumpasha daktari habari. Humwuliza mgonjwa kama amekosa hamu ya chakula, kama anatapika, kama anaona vitu kwa rangi ya manjano. Hukumbuka kwamba dawa za kukojoza, au kuharisha, hupunguza potasiamu mwilini, na potasiamu ikipungua, kipimo kilichokuwa salama jana huweza kuwa sumu leo. Hukumbuka pia wazee na wenye figo dhaifu, ambao dawa hukawia kutoka miilini mwao. Tena humwonya mgonjwa aliyesahau kidonge cha jana asimeze viwili leo.

Msomaji, huenda siku moja wewe ndiwe utakayevaa sare ya uuguzi katika zahanati iliyo mbali na kila daktari. Watakuja watu watakaodhani kwamba kumpa mgonjwa dawa ni kuhesabu vidonge tu. Hesabu mapigo kwanza. Mwindaji aliyezidisha sumu hakupata hasara, kwa sababu alitaka mnyama afe. Muuguzi ameshika kitu cha ukoo ule ule, naye anataka mtu aishi. Wala hana kingine cha kumwongoza ila kipimo, na maarifa ya kujua kwa nini kipimo kimewekwa.